Ya Saa Ngapi

Gocha alinipigia usiku wa manane kutoka Tbilisi:
"Lamara, kitambaa hiki ni cha zambarau."
Nikaketi kitandani, blanketi mabegani,
theluji ya Oni imeziba nusu ya dirisha.
"Ni nili," nikamwambia. "Nilikiona kikitoka pipani."
"Basi njoo hapa ukione kilivyo bilinganya."

Tulimpiga picha Tsiala mwezi wa pili,
mikono imekolea buluu hadi viwikoni,
akichovya, akikamua, akianika kambani
kitambaa cha meza, cha harusi ya mjukuu,
samaki na kulungu na visu vimechapwa kwa nta.

Kamera, ujue, haikuweka rangi.
Iliweka hesabu: hapa nuru kiasi hiki,
pale kiasi kile, tarakimu kavu, mbichi,
unga ambao haujaonja maji.
Uji au mkate, hilo huamua mpishi.

Nami nilipika.
Katika programu yangu nilivuta joto la rangi
hadi elfu tano mia sita,
nikatia kijani, chembe tu,
nikashusha mwangaza nusu hatua.
Theluji ikawa theluji, si maziwa yaliyochacha.
Nili ikakaa mahali pake.
Nikafunga yote kwenye diski,
nikampa dereva Tamazi pamoja na chupa ya asali,
nikalala kama mtu aliyemaliza deni.

Ila mipangilio yangu haikupanda gari.
Ilibaki humu, imejikunyata ndani ya programu yangu
kama mtu anayejua lugha ya nyumba moja.
Kule, programu ya Gocha ikafungua faili,
ikapekua, isikute neno langu hata moja,
ikajisemea: huyu alikuwa kivulini, siku ya mawingu.
Ikamwaga joto.
Theluji ikaiva kama pichi,
Tsiala akapata mashavu ya mlevi,
na kitambaa, hayo mmeyasikia.

Tuligombana siku tatu.
Alipiga skrini yake picha kwa simu, akanitumia;
kwenye simu yangu ikatokea rangi ya tatu
isiyo yake wala yangu,
tukaacha kutumiana.

Tsiala hakukubali kukata pindo la harusi.
Alitoa kitambaa anachojaribia rangi,
kiganja kimoja, kimechakaa,
Tamazi akakiteremsha mjini.
Gocha akakiweka chini ya balbu: "Zambarau! Nilisema nini?"
Saa tatu asubuhi akakipeleka dirishani.
Kimya.
Nikasikia viatu vyake kwenye simu:
dirishani, mezani, dirishani.

Nikaenda kumuuliza mwenyewe.
"Tsiala, kitambaa chako kina rangi gani?"
Hakuinua kichwa kutoka pipani.
"Ya saa ngapi?"

Basi tukachagua saa.
Saa nne, jua nyuma ya wingu jembamba,
kadi ya kijivu mikononi mwa mjukuu anayecheka,
fremu zile za mwanzo ambazo nilitaka kuzitupa.
Tukapima kwenye kadi, yeye kwake na mimi kwangu,
elfu tano mia sita, kijani nne,
mwangaza chini nusu,
tukaandika kwa penseli, si kwenye programu,
kwenye karatasi, nakala mbili,
tukazigandisha pembeni mwa skrini.
Asiguse mtu kabla ya kupiga simu.

Inafanana sasa. Karibu.
Wekundu wake hutangulia wangu kwa unywele,
penye midomo ya mjukuu,
na hakuna tarakimu niliyoipata ya kuurudisha.
Vipimo vimekubaliana; macho yetu, sijui.

Tsiala anadai kitambaa chake.
Tamazi anasema kipo, asiwe na wasiwasi:
alikisahau mbele ya gari, juu ya dashibodi,
wiki mbili, juani.
Nimekiona.
Gocha sijamwambia.